Sehemu ya 7: Ile jezi ya Chama la Wana

Leo naweka pembeni homa na chanjo. Tunaendelea na historia za huku kwetu, na hii imeanzia wodini.

Wiki hii nilikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 9, kaanguka kwenye mwembe, mkono umevunjika. Jezi aliyokuja nayo ilikuwa ya kaka yake, imepauka, ya Stand United, na jina la kampuni ya mgodi kifuani limeanza kubanduka. Wakati naitoa taratibu ili mkono usiumie, akaniuliza: "Shikamoo nesi. Hii timu mbona haionekani kwenye TV?" Mama yake akacheka: "Ilikuwepo mwanangu. Yanga walikuja hapa Shinyanga, mimi niliuza wali na maharage mpaka sufuria likaisha."

Mtoto akanikazia macho. Sikuwa na jibu fupi. Basi jibu refu ndio hili.

Ligi yetu ya taifa ilianza 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ndiyo Simba ya leo. Tangu hapo Simba na Yanga wapo, lakini majirani zao wanabadilika kama wapangaji. Hata idadi haikai. Msimu wa 2014/15 timu zilikuwa 14. Mwaka uliofuata 16. Msimu wa 2018/19 zikafika 20, zikapunguzwa kuwa 18, na tangu 2021/22 zimerudi 16.

Sasa, Stand United. Jina lenyewe linakuambia: ni timu ya stendi. Waliianzisha vijana wa stendi ya mabasi Shinyanga mjini, wapiga debe na wenzao, wale tunaowakwepa na mabegi yetu. Ndiyo maana ikaitwa Chama la Wana. Timu ya wapiga debe ikapanda ngazi kwa ngazi, na msimu wa 2014/15 ikaingia Ligi Kuu, nyumbani kwake Uwanja wa CCM Kambarage. Jamani, hilo si jambo dogo. Timu nyingi za ligi yetu zina mwenye nyumba: jeshi, magereza, kiwanda cha sukari, halmashauri. Hii ilitoka kwa watu wanaolipwa kwa abiria.

Mwaka 2015 pesa ikaja. Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na hapa kwetu Buzwagi, ikasaini kuidhamini kwa miaka miwili kwa shilingi bilioni 2.4. Akaletwa hadi kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kufundisha Simba. Msimu huohuo wa 2015/16 Mwadui FC, timu ya kwenye mgodi wa almasi kule Kishapu, nayo ikapanda chini ya kocha Jamhuri Kihwelo, yule Julio. Yaani Shinyanga peke yake ikawa na timu mbili Ligi Kuu. Simba na Yanga wakawa wanakuja mkoani mara mbili kwa msimu. Waulizeni mama ntilie, waulizeni bodaboda na wenye gesti.

Halafu mambo yakaharibika, na si uwanjani. Pesa ilipoingia, watu wakaanza kuulizana timu ni ya nani. Kambi moja ikasema ni ya wanachama, nyingine ikasema ni ya kampuni. Mgogoro ukakua, na mwaka 2016 udhamini ukavunjika. Timu haikufa siku hiyo. Septemba 2018 ilienda Dar, Alex Kitenge akawafunga Yanga mabao matatu peke yake, japo Yanga walishinda 4-3. Lakini mwisho wa msimu huo, 2018/19, Stand United ikashuka daraja. Mwadui ikafuata 2021.

Wa Geita msicheke, zamu yenu inakuja. Mwaka 2016 Geita Gold ilikuwa inagombea kupanda. Siku ya mwisho ya kundi lao yakatokea matokeo ya ajabu: Geita ikashinda 8-0, na Polisi Tabora waliokuwa wakigombea nao nafasi hiyohiyo wakashinda 7-0. TFF ikaona huo ni upangaji wa matokeo, adhabu zikatolewa, Geita ikashushwa. Nafasi ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, na mwaka uliofuata tu Mbao wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba, wakafungwa 2-1. Nao wakashuka 2020.

Geita haikukata tamaa. Ikiwa chini ya halmashauri ya mji, na mgodi wa GGML ukiidhamini, ikapanda msimu wa 2021/22 na kumaliza nafasi ya nne chini ya kocha Fred Minziro. George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi nzima kwa mabao 17, akimpita Mayele wa Yanga kwa bao moja. Wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa na Hilal Al Sahil ya Sudan. Miaka miwili baadaye, 2024, wakashuka. Msimu wa 2024/25 ukaanza bila timu hata moja ya Shinyanga wala Geita kwenye Ligi Kuu.

Marekani nako ligi za vyuo vikuu zinabadilisha wanachama, ila kwa namna nyingine. Kule hakuna kushuka daraja. Chuo kinahama chenyewe kwenda ligi yenye mkataba mnono wa televisheni. Kuna ligi inaitwa Big Ten, maana yake Kumi Kubwa. Ilianza 1896 na vyuo 7, leo ina vyuo 18, na jina bado ni Kumi! Vyuo vya pwani ya magharibi vilijiunga 2024, na wanafunzi sasa wanavuka nchi nzima kwenda kucheza mechi. Kule mwenye nguvu anafuata pesa. Huku kwetu pesa inakuja yenyewe, na ikiondoka tunabaki tunaangaliana.

Nyie wa Kahama mnalijua hili kuliko mimi. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji 2009, ukafungwa 2021. Kuna nyumba zilizojengwa vizuri wakati ule, na kuna nyumba ambazo mshahara ulipokata hata ada ilikosekana. Mshahara ulikuwa uleule. Tofauti ni nini kilifanyika ukiwa bado unaingia.

Kwenye timu ni hivyohivyo. Mdhamini ananunua usajili wa msimu, analipa kambi na basi. Lakini kama hukutumia miaka hiyo kulea watoto wa miaka 9 na 12, kuweka hesabu wazi, na kukubaliana mapema timu ni ya nani, siku anaondoka anaondoka na timu. Mimi sisemi tukatae pesa ya mgodi. Nasema pesa ya mgodi ni mvua ya masika, na masika ni wakati wa kupanda.

Turudi kwa mgonjwa wangu. Nilimwambia timu yake ipo, inacheza Championship, daraja moja chini, na timu zinarudi. Pamba ya Mwanza walikuwa mabingwa wa nchi 1990, wakapotea Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, na mwaka 2024 wakapanda tena. Akafikiria kidogo, akasema: "Kwa hiyo na mimi nitakuwa nimeshakuwa mkubwa."

POP inatoka baada ya wiki sita. Mama yake ameniambia jezi ataiweka, haitakuwa tambara la kudekia.

Mama zangu, nani alikuwepo Kambarage miaka ile? Uliuza nini, ulimwona nani? Andikeni hapo chini, nitamsomea siku ya kliniki. Jumapili tunarudi kwenye chanjo ya surua.