SHULE YA KIUNGANI: HABARI ZA SHAKER HEIGHTS, OHIO

Katika Kiswahili cha pwani, kiunga ni mahali penye mashamba na bustani kandokando ya mji, ambapo mwenye nafasi hujijengea nyumba ili ajitenge kidogo na msongamano wa mitaa. Ndiyo asili ya jina la Kiungani huko Unguja, ambako wamisheni wa U.M.C.A. walikuwa na chuo chao mashuhuri katika karne ya kumi na tisa. Neno hili, wala si kitongoji, ndilo lifaalo panapotajwa ile miji midogo ya Marekani iliyoizunguka miji mikubwa. Kwani kitongoji ni cha mji wake, bali kiunga ni cha wenyewe.

Walakini ipo tofauti moja kubwa. Kiunga cha Kimarekani aghalabu huwa na serikali yake, kodi yake, na shule zake za umma. Anunuaye nyumba humo hununua pamoja nayo kiti cha mwanawe darasani. Kwa sababu hiyo historia ya shule ya namna hii haiwezi kuelezwa peke yake. Yapasa ianzie kwenye ardhi, na juu ya nani aliyepewa ruhusa ya kukaa juu ya ardhi hiyo.

Shaker Heights iko mashariki ya Cleveland, katika jimbo la Ohio. Mwaka wa 1822 walikaa hapo watu wa madhehebu ya Kikristo walioitwa Shakers, yaani watikisikao, kwa sababu ya kutikisa miili yao katika ibada. Hawakuoa wala kuolewa, na mali yao ilikuwa ya shirika. Watu wasiozaa hawana budi kupungua, na mwaka wa 1889 wachache waliobaki walifunga makazi yao wakaenda zao. Waliacha maziwa mawili, waliyoyafanya kwa kuziba kijito, na jina.

Ardhi hiyo iliangukia mikononi mwa ndugu wawili, Oris na Mantis Van Sweringen, ambao tangu miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini waliinunua kipande kwa kipande. Hao nao hawakuoa maisha yao yote, kana kwamba ardhi ile ilikuwa na mwiko wake. Walikusudia kufanya kijiji cha watu wa daraja ya juu, kitulivu, chenye njia zilizopinda na miti mingi. Mwaka wa 1916 walinunua reli nzima, ile iliyoitwa Nickel Plate, kwa kuwa walihitaji njia ya kupitishia treni ya kuwachukua wakazi mpaka kazini mjini. Na treni hiyo ilianza safari mwaka wa 1920. Kila kiwanja kiliuzwa pamoja na masharti: gharama ya chini kabisa ya kujenga, umbali wa nyumba kutoka barabarani, na mitindo ya ujenzi iliyokubaliwa.

Sharti lililokuwa na uzito kuliko yote lilikuja baadaye. Mwaka wa 1925 daktari mweusi, Edward Bailey, alipata nyumba katika kijiji, akasumbuliwa sana yeye na jamaa zake. Baada ya hayo kampuni ilisisitiza kwamba nyumba isiuzwe tena bila ya idhini ya kampuni yenyewe au ya majirani. Maneno ya sharti hayakutaja rangi wala dini, wala hayakuwa na haja ya kutaja. Waliokusudiwa walijulikana: weusi kwanza, kisha, kwa kadiri fulani, Wayahudi na Wakatoliki. Wataalamu wa lugha watatambua hapa namna ya usemi ambayo haimo katika sarufi, yaani neno lisiloandikwa ambalo kila msomaji hulisoma.

Mwaka wa 1931 Shaker Heights ilipata hadhi ya mji kamili, na katika mwaka uo huo lilifunguliwa jengo la shule ya sekondari, la matofali mekundu. Sifa yake ilienea upesi. Katika waliohitimu hapo ni mwigizaji Paul Newman, mwaka wa 1943. Sifa hiyo haikutokana na walimu hodari peke yao. Shule za umma za Ohio hupata sehemu kubwa ya fedha zao kutokana na kodi ya nyumba na ardhi iliyomo katika wilaya ya shule, na wakazi wenyewe hupiga kura kukubali au kukataa nyongeza. Penye nyumba za thamani, mapato huwa makubwa. Mahakama ya Juu ya Ohio ilihukumu mwaka wa 1997, katika kesi ya DeRolph, kwamba kuitegemea mno kodi hiyo kulivunja katiba ya jimbo. Hukumu ikarudiwa mara kadhaa, na kodi hiyo ikabaki kuwa nguzo vilevile.

Masharti ya ndugu wale yalipungua nguvu mwaka wa 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokata katika kesi ya Shelley na Kraemer kwamba mahakama zisitekeleze masharti ya ubaguzi wa rangi katika hati za nyumba. Katika miaka ya 1950 weusi wenye kazi za elimu, wakiwamo mawakili na madaktari, walianza kuingia Ludlow, mtaa ulio mpakani. Sehemu ya mtaa huo imo katika Cleveland, lakini watoto wake wote huhesabiwa katika shule za Shaker. Januari 1956 bomu lililipuka katika banda la gari la nyumba aliyokuwa akijenga wakili mweusi, John Pegg. Majirani wa rangi zote mbili walikuja kusaidia kutengeneza kilichoharibika, kisha wakaanza kukutana sebuleni kwao. Mwaka wa 1957 mikutano hiyo ikawa chama cha jumuiya ya Ludlow.

Kazi ya chama ilikuwa ngumu kuliko inavyosimuliwa. Madalali wa nyumba hawakuwaonyesha Wazungu nyumba za Ludlow, na mabenki yalisita kuwakopesha. Basi wanachama wenyewe wakawa madalali. Waliunadi mtaa wao, wakawatembeza wageni, na wakatoa mikopo ya kuwawezesha Wazungu kununua. Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini: usawa ulitafutwa kwa njia isiyokuwa ya usawa. Mweusi mwenye fedha zake mkononi alishauriwa, kwa adabu, atafute katika mtaa mwingine. Mzungu mwenye kusita alibembelezwa na kukopeshwa. Walioutetea mpango walisema kwamba pasipo hila hiyo Wazungu wangehama wote, kama walivyohama East Cleveland katika miaka ya 1960, na hoja hiyo si nyepesi. Lakini gharama ya kuishi pamoja ililipwa na upande mmoja zaidi ya mwingine, na waliolipa walijua.

Mtaa wa Moreland haukufanikiwa kama Ludlow, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 watoto wa shule yake ya msingi walikuwa karibu wote weusi. Wakuu wa elimu walipendekeza watoto hao wachukuliwe kwa basi kwenda shule za Wazungu. Wazazi waliuliza kwa nini mzigo wa safari ubebwe na watoto weusi tu. Ndipo baadhi ya Wazungu walipojitolea kupeleka watoto wao Moreland, na mwaka wa 1970 mpango ulianza kwa hiari na kwa pande zote mbili. Haukuamriwa na mahakama yoyote. Miji mingi ya Marekani iliingia katika mambo hayo kwa amri na kwa fujo, na ndiyo maana habari za Shaker Heights zilienea nchi nzima.

Mambo ya sekondari yalikuwa mengine. Huko hapakuwa na haja ya basi, kwa kuwa shule ni moja tu na kila mtoto wa mji huishia humo. Mlango ni mmoja, ila ndani ya mlango masomo yaligawanywa kwa madaraja, ya juu, ya kati na ya chini. Na mtu aliyepita varandani akichungulia madarasani aliweza kukisia daraja kwa kutazama rangi za wanafunzi. Wanafunzi wenyewe hawakunyamaza. Mwaka wa 1983 walianzisha kikundi cha uhusiano wa rangi, ambacho wanachama wake huenda shule za msingi kuzungumza na watoto wadogo, na mwaka wa 1990 wavulana weusi wenye kufaulu waliunda chama cha kuwainua wenzao.

Pengo lilibaki. Mwaka wa 1997 gazeti la wanafunzi lilichapisha habari zake, na pakazuka fadhaa. Wazazi weusi wakamwalika mtaalamu wa mila na jamii, John Ogbu, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aje atazame.

Ogbu alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa kijiji cha Umudomi, Nigeria, mwaka wa 1939. Alikwenda Marekani kusomea ukasisi huko Princeton, kisha akageukia elimu ya jamii. Aligawa makundi yaliyo machache katika nchi kwa namna mbili: waliokuja kwa hiari yao kutafuta maisha, na walioingizwa kwa nguvu, kwa utumwa au kwa kushindwa vitani. Wa kwanza, alisema, huiona shule kuwa ngazi. Wa pili wana sababu ya kuitilia shaka. Jina lake lilikwisha kutajwa pia katika mjadala uliowagusa wanaisimu moja kwa moja, kwani alikuwamo katika kamati ya Oakland, California, ambayo kazi yake ilizaa azimio la Desemba 1996 kuhusu usemi wa Wamarekani Weusi. Azimio hilo liliupa usemi huo nasaba ya lugha za Niger na Kongo, ukoo wa Kiswahili chenyewe, kwa ujasiri uliozidi ushahidi.

Kitabu chake juu ya Shaker Heights kilitoka mwaka wa 2003. Wastani wa alama za wanafunzi weusi ulikuwa 1.9 na wa Wazungu 3.45, katika kipimo ambacho kilele cha kawaida ni 4. Ogbu hakuwaachilia walimu, ambao alisema walitazamia machache kutoka kwa weusi. Ila maneno yaliyowachoma waliomwalika ni yale aliyoyasema juu ya nyumba zao: kwamba watoto hawakujitia katika masomo kwa bidii, na wazazi, wakiisha kuhamia penye shule nzuri, waliiachia shule kazi iliyobaki. Wengi walimshutumu kwa kumlaumu aliyedhulumiwa. Wengine walipinga kwa hoja iliyo bora zaidi, kwamba alichukua mji kuwa wa matajiri watupu, hali nyingi katika familia za weusi hazikuwa na mali sawa na za Wazungu wa mji uo huo. Mabishano hayo alikaribia kuyakosa. Alifariki Agosti 2003, mwaka uo huo wa kitabu.

Madaraja yenyewe yalidumu hata mwaka wa 2020, wilaya ilipoyaondoa katika masomo mengi na kuwaweka wanafunzi pamoja. Mageuzi hayo yaliangukia mwaka wa maradhi ya korona, walimu walipokuwa wakifundisha watoto wasiowaona ila katika kioo cha kompyuta, na yalileta ubishi ambao Laura Meckler, mwandishi aliyekulia papo hapo, ameueleza katika kitabu chake cha mwaka wa 2023.

Ama shule za msingi, idadi ya watoto ilipopungua, nne kati ya tisa zilifungwa mwaka wa 1987. Ludlow ilikuwamo, na Moreland ilikuwamo. Jengo la Moreland halikubomolewa. Tangu mwaka wa 1993 limekuwa maktaba kuu ya mji.