Mafundisho ya Kolwezi na Suala la Mwalimu Aliye Mbali

Tangu elimu ya masafa ianze kutumia intaneti, limezuka upya swali la zamani: mwanafunzi atampataje mwalimu wake amhitajipo? Aghalabu swali hili huhesabiwa kuwa la vyombo, yaani simu, umeme na mtandao. Historia ya Kolwezi, mji wa shaba ulio magharibi ya Lubumbashi, yaonyesha kuwa kwanza ni swali la mpango wa watu.

Mwaka 1953 Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, alianza kazi Ruwe, karibu na Kolwezi, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Union Minière. Huko ndiko ilikozaliwa Jamaa. Lugha yake ilikuwa Kiswahili cha Katanga, na mafundisho yake yalijengwa juu ya fikra tatu: uzima, uzazi na mapendo.

Mafundisho hayo hayakuwa somo la darasani. Mume na mke walipokelewa na mume na mke waliowatangulia, wakaongozwa katika hatua tatu zilizoitwa njila. Waliofundisha walikuwa baba na mama. Waliofundishwa walikuwa watoto wao. Kwa kuwa wote waliishi katika makambi yale yale, aliyekuwa na swali hakuwa na safari ndefu ya kulipeleka.

Mwaka 1962 Tempels alirudi Ubelgiji moja kwa moja, akafariki huko mwaka 1977. Lau mafundisho yangalimtegemea yeye peke yake, yangalikoma. Lakini mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Kolwezi mwaka 1966 na 1967 na kuchapisha kitabu juu ya Jamaa mwaka 1971, aliyakuta yakiendelea. Kila mwanafunzi alikuwa mwalimu mtarajiwa, na kuondoka kwa mwanzilishi hakukuondoa mtu wa kujibu.

Hata hivyo mpango huo ulikuwa na gharama yake. Mafundisho yaliyopitishwa kwa mdomo kutoka nyumba hadi nyumba hayakuwa rahisi kusimamiwa, na maaskofu wa Kikatoliki waliingiwa na shaka juu yake. Ukaribu ulipatikana, usimamizi ulilegea.

Chuo kikuu kimerithi tatizo hilo kwa upande wa pili. Elimu ya juu ya Kolwezi ilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilicho umbali wa kilomita 300 hivi. Profesa mgeni hufika, hufundisha kwa siku chache somo lililopaswa kuchukua majuma, kisha hurudi. Usimamizi upo, ukaribu haupo. Swali linalozaliwa baada ya gari kuondoka hubaki na mwenyewe. Aidha, somo hutolewa kwa Kifaransa, ilhali Kiswahili ndicho lugha ya mazungumzo ya kila siku mjini. Mwanafunzi ambaye angaliuliza kwa Kiswahili nje ya mlango wa darasa huenda akanyamaza atakiwapo kuandika swali lake kwa Kifaransa. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, hata mlango huo ulifungwa.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kilijaribu kuunganisha mambo hayo mawili. Kozi na mitihani hutoka makao makuu, bali vituo vya mikoa humpa mwanafunzi mahali pa kwenda na mtu wa kumwuliza.

Kolwezi haikosi watu wa kushika nafasi hiyo. Wasaidizi wa maprofesa wanaoishi mjini wanaweza kuwa kwa wanafunzi vile wazee wa Jamaa walivyokuwa kwa waliowafuata, ikiwa watapewa saa zinazojulikana, malipo, na idhini ya kujibu kwa lugha inayoeleweka. Pasipo hayo, intaneti itafikisha swali upesi zaidi kwa mtu asiye na wakati wa kulijibu.