Machozi ya Mushahidi

Wengi wetu tunaandika historia ya misioni kwa masikio: tunakaa na wazee, tunauliza, nao wanasimulia. Mutu akisimulia siku ya kilio, machozi yakimulengalenga, tunasema: Huyu hawezi kukosea. Je, ni kweli?

Prezidenti Abraham Lincoln wa Marekani aliuawa mwaka 1865. Zaidi ya miaka 30 kisha, F. W. Colegrove aliwauliza watu 179 ginsi walivyosikia habari ile. Watu 127 waliweza kueleza mahali walipokuwa na kazi waliyokuwa wakifanya. Matokeo yalitolewa mwaka 1899. Lakini maneno yao ya siku ile ile hayakuwa yameandikwa. Basi walipimwa na nini?

Kipimo kilipatikana tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga Challenger kilipopasuka na watu 7 wakafa. Asubuhi yake Ulric Neisser, mwalimu wa universite ya Emory, aliwaandikisha wanafunzi 106 ginsi walivyopata habari. Mwaka 1988, 44 kati yao waliandika tena. Watatu tu hawakukosea neno. 11 walikosea yote makubwa: mahali, mujumbe, kazi ya saa ile. Na wengi wa wale waliokosea waliapa kwamba wanakumbuka vizuri! Hata walipoonyeshwa maandiko ya mukono wao wenyewe, kumbukumbu la kwanza halikurudi.

Sababu moja ni hii: moyo ukishituka, macho yanakaza kitu kimoja. Mutu aliyeelekezewa bunduki anaona bunduki vizuri, lakini uso wa yule aliyeishika unamuponyoka. Kisha, kila anaposimulia, anaziba matundu bila kujua, naye hasemi uongo.

Basi, ndugu mapadri nanyi wakatekista, tusiwazarau wazee wetu. Jambo lenyewe, kwamba kijiji kiliungua, kwamba mutoto fulani alikufa, kwa kawaida moyo unalishika. Lakini siku, saa, na majina ya waliokuwapo, tuwaulize mashahidi mbalimbali, kila mumoja peke yake, tena tutafute daftari za ubatizo na za mazishi. Na sisi wenyewe, likitupata jambo kubwa leo, tuliandike leo, mbele ya kulala.

Machozi yanashuhudia kwamba mutu aliumia. Hayashuhudii tarehe.