Kutoka Selulosi hadi Glukani: Historia ya Jina la Ukuta wa Seli ya Hamira

Jina la kisayansi likitolewa kabla muundo wa kitu haujajulikana, huweza kudumu hata baada ya ushahidi kulikanusha. Makala hii inafuatilia kisa kimoja cha namna hiyo: kabohaidreti za ukuta wa seli ya hamira.

Mwaka 1838 mwanakemia Mfaransa Anselme Payen alibainisha selulosi katika mimea. Baadaye, wataalamu waliokuta masalia ya hamira yasiyoyeyuka majini waliyaita kwa kuiga mimea. Hata Ernst Salkowski wa Berlin alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1894, masalia hayo bado yaliitwa selulosi. Hoja ilionekana kutosha: vitu vyote viwili hujenga kuta, na vyote vikivunjwa kwa asidi hutoa glukosi.

Hata hivyo, glukosi zilezile huweza kuungana kwa njia nyingi. Mwaka 1934, László Zechmeister na Géza Tóth wa Hungaria walizifunika kwa methili nafasi zote zilizo wazi katika molekuli, kisha wakaivunja. Nafasi iliyokosa methili ndiyo iliyokuwa kiungo cha mnyororo. Katika selulosi kiungo hicho huwa kwenye kaboni ya nne. Katika hamira kilikuwa kwenye kaboni ya tatu. Mwaka 1973, D. J. Manners na wenzake walionyesha kwamba glukani za hamira ni mbili: beta-1,3 yenye matawi machache, takribani asilimia 85, na beta-1,6, takribani asilimia 15.

Tofauti hiyo ya kaboni moja ina uzito katika tiba. Kaspofungini, dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001, hutibu maambukizi ya fangasi kwa kuzuia kimeng'enya kinachounda beta-1,3-glukani. Seli za binadamu hazina ukuta huo. Mwanafunzi aliyefundishwa “selulosi ya hamira” hana njia ya kuelewa kwa nini dawa hiyo inafanya kazi.

Kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili, fundisho liko wazi. Kutohoa “glukani” kunaruhusu tarakimu za muungano kuambatishwa. Kubuni jina kwa kufananisha sura kungerudisha kosa la karne ya 19. Kamati za istilahi zinapaswa kuwaketisha wanaisimu pamoja na wanakemia, na kuuliza kabla ya kuidhinisha: je, jina hili linataja muundo, au linataja mfanano tu?