Ng'ombe wa Chuma wa Rumanyika: Kazi ya Nani?

Sahani kongwe ya Kijapani iliyofinyangwa kwa soko la ng'ambo hubeba cheti chake cha kuzaliwa chini ya kitako. Sheria ya forodha ya Marekani, iliyoanza kutumika 1891, ilidai kila bidhaa iandikwe jina la nchi ilikotoka. Kwa hiyo chombo chenye neno Nippon aghalabu ni cha kabla ya 1921, na kile kinachotaja Japani iliyo chini ya majeshi ya kigeni ni cha baada ya Vita Vikuu vya Pili, si zaidi ya 1952. Mtafiti hukipindua chombo, akasoma.

Ng'ombe wa chuma wa Karagwe hawana muhuri wa kusomwa. Asili yao imebidi itafutwe katika vinywa vya wazee, katika takataka za tanuri, na katika vitabu vya wasafiri, ambavyo ndivyo vilivyopotosha mambo kuliko vyote.

Speke alifika kwa Omukama Rumanyika Novemba 1861. Ndani ya nyumba ya mfalme aliona mikuki iliyofuliwa kwa ustadi, pazia la ukindu lililosukwa kwa nakshi, nanga ndogo za shaba ya manjano, na sanamu za ng'ombe za chuma. Katika kitabu chake cha 1863 aliandika kwamba sanamu hizo zilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha mfalme. Sentensi moja tu, imepita kama upepo, lakini ilitosha kuwavua wahunzi wa Kinyambo kazi yao.

Kafuro ilikuwa kituo cha biashara karibu na Bweranyange, mji mkuu wa ufalme ambao leo ardhi yake imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, hii ya pili ikiwa imemegwa kutoka ya kwanza 2012. Waliokaa Kafuro walifuata pembe za ndovu. Si rahisi kusadiki kwamba mtu angevuka Unyamwezi na misafara yake ili akakae mbele ya mifuo kumfulia mfalme ng'ombe wenye pembe ndefu za Kinyankole, tena katika nchi iliyokuwa na wahunzi wake. Huenda kosa lilizaliwa katika lugha. Rumanyika alizungumza Kiswahili kizuri, Speke mwenyewe amekiri. Lakini Speke alitegemea sana Kihindustani alichozungumza na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay. Kati ya kilicholetwa na Waarabu na kilichotengenezwa na Waarabu njia ni fupi.

Mapokeo ya Karagwe yanasema vingine. Yanamtaja Ndagara, babake Rumanyika, kuwa mfalme mhunzi, na kwamba ng'ombe hao ni wa zama zake. Pengine kumfanya mfalme kuwa fundi ni heshima tu kwa mafundi wake. Hata hivyo yanaafikiana na yale ambayo ardhi imesema. Peter Schmidt na Donald Avery walionyesha 1978 kwamba ng'ambo ya mashariki, Buhaya, chuma kiliyeyushwa kwa ufundi wa hali ya juu tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Andrew Reid na Rachel MacLean wakaandika 1995 juu ya Karagwe yenyewe, na jinsi uhunzi ulivyofungamana na maana za kijamii. Naye Hamo Sassoon, mtu wa Fort Jesus, Mombasa, alikwisha waweka pamoja, 1983, wafalme, ng'ombe na wahunzi wa nchi za maziwa makuu: nyundo na fuawe zilikuwa alama za enzi, wala si vyombo vya kuchezea.

Shaba ni shauri jingine. Stanley, alipofunguliwa hazina hiyohiyo 1876, alihesabu bata kumi na sita wa shaba ya manjano wenye mbawa za shaba nyekundu, na ng'ombe kumi wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Madini hayo yaliingia Karagwe kwa biashara, na misafara ya pwani ilikuwa ikileta masango kwa mizigo. Hapo Waarabu wa Kafuro wana sehemu yao halali: waya ulikuwa wao, na bata akawa wa Karagwe.