Njia ya fedha kutoka Saint-Boniface hadi Kamalondo

Mwaka 1939, watawa Wabenediktini waliokuwa wakiendesha shule ya Saint-Boniface mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo katika eneo la Katanga nchini Kongo, waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wao. Waliiita Saint-Georges na kuiingiza moja kwa moja kwenye ligi ya mji, na msimu huo wa kwanza ikashika nafasi ya tatu. Baada ya miaka michache ikaitwa Saint-Paul, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Wachezaji wasiokuwa wa shule walianza kuingia kikosini. Mwaka 1944 watawa wakajitoa katika uongozi, na timu ikachukua jina la mdhamini wake, Englebert, kampuni ya Ubelgiji ya kutengeneza matairi.

Timu hiyo ndiyo TP Mazembe.

Wamarekani wanabishana sasa juu ya jambo ambalo shule moja ya Katanga ilikutana nalo zaidi ya miaka 80 iliyopita. Kwa miongo mingi vyuo vikuu vyao vilikataza mwanafunzi kulipwa kwa kucheza. Julai 2021 wanafunzi wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoviwezesha vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Hofu inayosemwa zaidi ni kwamba matajiri watakomba vijana wote wazuri na ushindani utakufa. Mimi nimeifuata njia ya zamani ya mpira wa Lubumbashi nikilichunguza swali hilohilo, na jibu nililolikuta si lile linalotolewa haraka.

Njia yenyewe si ndefu. Inaanzia katikati ya mji, katika komini ya Lubumbashi, kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lililojengwa enzi za Wabenediktini haohao. Kutoka hapo unafika kwenye stesheni. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea Rhodesia, na ndiyo iliyoufanya mji uwe mji, kwa sababu bila reli shaba isingetoka. Mwaka uleule wa 1939 watu wa reli nao waliunda timu yao, wakaiweka chini ya Mtakatifu Éloi, msimamizi wa mafundi wa chuma. Ndiyo Saint-Éloi Lupopo, ambayo mashabiki wake hadi leo wanajiita Cheminots, watu wa reli.

Zamani hizo mchezaji hakuwa na mkataba wa mpira. Alikuwa na kazi, na katika Katanga ya kampuni ya migodi ya Union Minière na ile ya reli, kazi ilikuwa maisha mazima: nyumba kambini, posho ya chakula, hospitali, shule ya watoto. Kijana mwenye miguu mizuri akipewa nafasi karakana au ofisini, amelipwa, hata kama kwenye karatasi ameandikwa karani. Anayesema kwamba mpira wa wakati ule ulikuwa wa ridhaa tupu anaangalia karatasi tu.

Na ushindani je? Hapo ndipo historia inapozungumza. Mazembe ilichukua ubingwa wa taifa mwaka 1966 na 1967, Lupopo ikauchukua 1968, Mazembe ikaurudisha 1969. Hiyo ndiyo Mazembe iliyotwaa Kombe la Afrika la klabu mara mbili mfululizo, 1967 na 1968, na kufika fainali mbili zilizofuata, ikiwa na watu kama kipa Robert Kazadi na mfungaji Pierre Kalala Mukendi, ambaye bao lake liliipa Kongo Kombe la Mataifa mwaka 1968. Timu hiyo iliyotisha bara zima haikuweza kumkalia jirani yake mjini. Kati ya 1968 na 1990 Lupopo ilikuwa bingwa wa taifa mara nne (1968, 1981, 1986 na 1990), Mazembe mara tatu. Fedha zilikuwepo pande zote mbili. Aliyekosa kazi huku aliipata kule.

Kilichovunja mizani kilitokea nje ya uwanja. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa chini ya tani 30,000. Reli nayo ikachakaa, na wafanyakazi wake wakakaa miezi mingi bila mshahara. Kampuni ambayo haiwezi kumlipa dereva wa treni haiwezi kumlea mshambuliaji. Timu zilizoishi kwa migongo ya kampuni zikabaki yatima.

Mwaka 1997 Moïse Katumbi akashika Mazembe. Alikuwa mfanyabiashara wa migodi, na kuanzia 2007 hadi 2015 akawa pia gavana wa Katanga. Alisajili kwa fedha kutoka nje ya nchi. Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu walikuwa Wazambia, na penalti ya Sunzu ndiyo iliyoipa Zambia ubingwa wa Afrika mwaka 2012. Mwaka 2011 Mazembe iliitoa Simba ya Dar es Salaam kwenye Ligi ya Mabingwa, kisha ikamchukua Mbwana Samatta kutoka Simba hiyohiyo. Simba ililalamika kwamba Janvier Bokungu hakustahili kuichezea Mazembe kwa sababu ya mkataba wake na Espérance ya Tunis, na shirikisho la mpira la Afrika, CAF, likaiondoa Mazembe mashindanoni. Tamaa ya usajili iliwagharimu taji walilokuwa wanalitetea.

Lakini haikuwagharimu nyumbani. Tangu 2006 hadi 2024 Mazembe imechukua zaidi ya mataji kumi ya taifa. Lupopo ilichukua lake la mwisho mwaka 2002.

Mwisho wa njia ni Kamalondo, ng'ambo ya ukanda ambao Wabelgiji waliuacha wazi ili kutenga mji wa wazungu na makazi ya Waafrika. Hapa ndipo uwanja wa Mazembe ulipofunguliwa mwaka 2011, wa nyasi bandia. Nembo ya klabu ni mamba mwenye mpira mdomoni. Siichukii sura hiyo. Timu iliyowafunga Pachuca na Internacional na kucheza fainali ya dunia dhidi ya Inter Milan mwaka 2010 iliwapa watu wa hapa fahari ambayo hakuna serikali iliyowapa. Ninachokataa ni kusema kwamba Lupopo ilizidiwa kwa sababu wachezaji walilipwa. Wachezaji walilipwa siku zote. Lupopo ilizidiwa kwa sababu mjini ulibaki mfuko mmoja.

Ushahidi ni wa juzi. Jacques Kyabula alipochukua urais wa Lupopo akiwa gavana wa Haut-Katanga, timu ilipata tena mtu wa kuigharimia, na Oktoba 2025 iliwatoa Orlando Pirates wa Afrika Kusini kwa penalti katika Ligi ya Mabingwa. Hata hivyo, kutegemea gavana si msingi. Magavana hubadilika.

Na kutolipa hakumbakizi kijana nyumbani. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Alipofikia umri wa chuo alikuwa tayari analipwa kucheza mpira wa kikapu Hispania, na mwaka 2011 akaingia NBA bila kupitia chuo cha Marekani. Ambaye hawezi kulipwa kwenu atalipwa kwingine.

Basi kazi ni kutunza wengi, hasa wale wa chini. FIFA inataka klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23 zigawane asilimia 5 ya ada anapouzwa, lakini mgao huo haugusi uhamisho wa ndani ya nchi pale klabu iliyomlea nayo ni ya nchi hiyohiyo. Kijana akitoka timu ya mtaani Katuba au Kenya, komini za Lubumbashi, kwenda klabu kubwa ya mjini humuhumu, kanuni hiyo haimgusi aliyemfundisha. Shirikisho la mpira la Kongo, FECOFA, liweke mgao wa namna hiyo kwa usajili wa ndani, liusimamie, na lianzie Lubumbashi.