Thongpiny: ujumbe wa biashara ulivyopata sauti

Kabla ya uhuru wa Sudan Kusini, mtu wa Juba mwenye laini ya Gemtel alipigiwa kwa msimbo wa Uganda, +256. Jirani yake mwenye laini ya Zain alipigiwa kwa +249, msimbo wa Sudan. Mji ulikuwa mmoja, lakini kwa simu ulikuwa nchi mbili. Huko Thongpiny, mtaa wa Juba ulioshikana na uwanja wa ndege na kujaa hoteli na ofisi za mashirika ya misaada, watu wengi walitembea na simu mbili au tatu. Mfanyabiashara aliyetaka kuwajulisha wateja kuwa mzigo umefika kutoka Kampala ilimbidi ajue kwanza nani yuko mtandao upi. Sudan Kusini ilipata msimbo wake, +211, mwaka 2011, baada ya uhuru wa Julai 9.

Tatizo la pili lilikuwa la herufi, na halikuanzia Juba. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta yake mjini Bonn, akaandika sentensi za kawaida moja baada ya nyingine, akazihesabu, akaamua kwamba herufi 160 zinamtosha mtu kusema analotaka. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza Desemba 3, 1992, na kipimo chake kikaenea dunia nzima. Kilipimwa kwa herufi za Kilatini, ambazo kila moja hubebwa kwa biti 7. Ukiandika kwa hati ya Kiarabu, kila herufi hula biti 16 na nafasi hushuka hadi herufi 70. Tangazo la sukari lililotosha meseji moja kwa Kiingereza liliweza kugharimu mbili au tatu kwa hati ya Kiarabu. Mwenye duka alikuwa akilipia alfabeti.

Lakini hata tangazo lililolipiwa lilikuwa na wasomaji wachache. Takwimu za serikali za mwaka 2009 zilionesha kuwa asilimia 27 tu ya watu wa miaka 15 na zaidi walijua kusoma na kuandika. Kampuni zilituma meseji kwa maelfu, zikiwa na jina la kampuni mahali pa namba. Meseji ya namna hiyo kwa kawaida haijibiki. Mteja hawezi kuuliza bei, hawezi kusema bidhaa iliyopita ilikuwa mbovu, wala hawezi kuomba aachwe. Naona hapo ndipo fedha nyingi za matangazo zimepotea.

Thongpiny yenyewe ilipata kuonesha njia nyingine, ingawa katika msiba. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa iliyo mtaani hapo. Humo ndani habari zilihitajika kama maji: chakula kinagawiwa wapi, nani kapotea, kliniki ipi iko wazi. Mwaka 2014 shirika la Internews lilianzisha katika kambi za Juba kipindi cha sauti kilichoitwa Boda Boda Talk Talk. Wakazi wa kambi waliwarekodi wenzao, kisha kipindi kikapigwa kwa spika juu ya pikipiki ya magurudumu manne, iliyosimama kituo hadi kituo. Watu walisikiliza, wakauliza, na maswali yao yakaingia kwenye vipindi vilivyofuata. Hakikuwa kipindi cha biashara, lakini sijaona mfano bora wa kumfikia mtu wa Juba: sema naye kwa sauti, kwa lugha yake, kisha msikilize. Makazi hayo ya wakimbizi wa ndani huko Thongpiny yalifungwa mwishoni mwa 2014.

Teknolojia ya kufanya hivyo kwa simu ilikuwa tayari. WhatsApp iliweka ujumbe wa sauti Agosti 2013. Kwa muuzaji wa Juba huduma hiyo ilikuwa na thamani kuliko picha za rangi, kwa sababu ilimwondolea mteja kikwazo cha kusoma. Leo mwenye duka la vitenge hupiga picha mzigo ukiwa umetandazwa mezani, huituma kwenye kundi la wateja, kisha hutia sauti chini yake: doti hii ni bei hii, ile imebaki moja. Jibu hurudi kwa Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kibari, au Kiswahili cha waliokulia Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya, na wawili hao hupatana bei hapo hapo.

Bei zenyewe ziliisukuma biashara kwenye simu. Desemba 2015 serikali iliiachia pauni ya Sudan Kusini ielee, ikaporomoka kwa siku moja kutoka takriban 3 hadi 18.5 kwa dola. Orodha ya bei iliyochapishwa haikuwa na maana tena. Bei ya asubuhi ilipaswa kutumwa asubuhi.

Ulimwenguni, kampuni za simu zilikuwa zikijenga tangu 2007 mrithi wa meseji: ujumbe wenye picha, nembo ya kampuni na vitufe vya kuagizia, uitwao RCS. Google iliukumbatia mwaka 2015, Apple ikauweka kwenye simu zake mwaka 2024 tu. Katika miaka hiyo yote ya kusubiriana, WhatsApp Business ilitoka Januari 2018 ikiwa bure. Miezi miwili baadaye, Machi 2018, mtandao wa Vivacell ulifungwa Sudan Kusini kwa mgogoro wa leseni, na vibao vya maduka vyenye namba zake vikawa mapambo. Mwaka 2019 ikaja m-Gurush, pesa za kwenye simu, na muuzaji akaweza kutangaza na kulipwa bila kuinua macho kutoka kwenye kioo cha simu.

Tatizo la sasa ni swichi. Januari 2025 mamlaka ya mawasiliano iliamuru mitandao kama Facebook na TikTok ifungwe kwa muda wa hadi siku 90, kufuatia video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, nchini Sudan. Amri iliondolewa baada ya siku chache, lakini duka linalotegemea ukurasa mmoja lilijua lilivyo hatarini.

Kwa hiyo kwenu wenye maduka: andikeni namba za wateja kwenye daftari pia. Na kwenu makampuni mnaotuma meseji kwa maelfu mjini Juba: wekeni namba inayojibiwa na mtu, tumeni sauti kwa lugha za watu, na anayesema hataki tena, mwacheni.